Vijiko Sita vya Chai

Korogwe, Jumanne. Mawingu yameinama tangu asubuhi, joto limegoma kuondoka, mvua nayo haijaamua.

Natangaza kwa masikitiko makubwa kupotea kwa vijiko sita vya chai, vya Kichina, katika nyumba moja ya kupanga hapa Manundu. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wa Misima, Mazingara na popote pale walipo.

Nimevificha mimi.

Viko kwenye droo ya kibanda changu cha kutengeneza simu, chini ya betri zilizokufa. Ni siku ya nne sasa mama yangu anakoroga chai kwa mpini wa mwiko, na mke wangu anatazama ukutani.

Mama amekuja kutoka Misima kumlea mzazi mpaka arobaini. Leo mjukuu ana siku kumi na tisa. Amepewa jina la marehemu babu yake, kwa hiyo mama anamwita "mume wangu". Mume huyo akilia tu, mama anaanza: "Koo limemkauka! Mpeni hata maji ya sukari. Mnamtazama kama redio mbovu!"

Sasa niseme la kweli. Mimi na mke wangu tuna virusi. Yeye alipima kwanza, kliniki ya wajawazito. Mimi nikazungukazunguka mwezi mzima nikidai majibu yake yanatutosha wote wawili. Mwishowe nikaenda. Yakalingana. Hatujawahi kukubaliana hivyo katika jambo lolote.

Yeye alimeza dawa, na mtoto alipozaliwa akapewa yake ya maji. Kisha nesi akatukalisha: maziwa ya mama tu, miezi sita. Si maji, si uji, si asali ya kuonjesha. Ukichanganya, tumbo changa linachubuka na virusi vinapata njia. Alirudia mara tatu, akinitazama mimi.

Mama hajui. Nilimwambia ni utaratibu wa kliniki kwa watoto wote, jambo ambalo ni kweli, labda ndiyo maana halikumwingia. "Nimezaa saba," akasema, "wote wamekunywa maji. Hata wewe kitindamimba, na kichwa chako hicho."

Kumwambia sababu yenyewe nimeshindwa. Nimefungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili nimeishia kuomba chumvi.

Basi nikaficha vijiko. Mtu aliyejifundisha ufundi kwa kufumua simu za watu huamini kila kitu kina kipande kimoja ambacho ukikitoa, kinanyamaza.

Leo mchana nikarudi kula. Mke wangu alikuwa anaoga, bafu la uani. Mama ameketi kwenye mkeka, mume wake mapajani, kimya kabisa. Pembeni yao kikombe cha maji, kimebaki nusu. Kwenye kitako chake sukari haijayeyuka yote.

Nikakiokota kikombe.

"Shikamoo, mama. Umempa maji?"

"Marahaba. Nimpe na nini, na vijiko mmevimeza?" Akacheka mpaka mtoto akatikisika.

Nikacheka na mimi. Nikala ugali wote, nikaongeza.

Wakati wa kutoka, mke wangu akanisindikiza hadi mlangoni, nywele bado zimelowa. Nikamnong'oneza habari ya kikombe, kwa majigambo kidogo, kama mtu aliyeokoa kijiji. Hakucheka. Akaniambia kitu ambacho mama alimsimulia jana walipokuwa wanamwogesha mtoto.

Sikwenda kibandani. Nimekuja hapa kwenye kompyuta za kukodi kuwaandikia nyinyi wa mtandaoni, kwa sababu hamnijui, na kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Nimebakiza dakika sita. Zikiisha narudi nyumbani, namketisha mama, namtajia ugonjwa kwa jina lake kabla sijaomba chumvi. Kipimo cha mtoto ni wiki ya sita. Hii ni ya tatu.

Mama hajawahi kumnywesha mtoto yeyote kwa kijiko. Anatumia kiganja.