Taulo Chini ya Kilemba

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu na wanangu wote hapo nyumbani. Goti lako limepoa, au bado mnagombana kila ukipanda ngazi? Mimi nala, nalala, na ulimi wangu una nguvu kuliko miguu, kama unavyonijua.

Wiki hii hapa nyumba ya wazee tumepimwa mifupa, sote thelathini na wawili. Muuguzi mkuu alitueleza kwamba mfupa wa mzee unaweza kuliwa ndani kwa ndani bila kuuma, mpaka siku unapovunjika kwa kujikwaa tu kwenye zulia. Kwa hiyo tungepimwa uzito na urefu, maana mifupa ikiliwa mtu hufupika, tuulizwe kama tumewahi kuanguka, na watakaotiliwa shaka wapelekwe hospitali kupigwa picha.

Maneno yakaanza kabla chai haijapoa. Jirani yangu wa kitanda, mwalimu mstaafu asiyekosa habari, akaapa kwamba atakayeonekana amefupika hatatoka tena nje ya geti. Nami, mdogo wangu, naishi kwa kuzihesabu zile Jumapili unazonichukua kwako. Nikaona nitumie ufundi. Miaka arobaini nimeshona nguo, nimewapima watu wanaobana pumzi ili waonekane wembamba, sasa kipimo cha ukutani kinishinde? Nikakunja taulo dogo, nikaliweka utosini, nikafunga kilemba juu yake. Mwalimu naye akataka, nikamfunga.

Njia ya mwongo ni fupi. Muuguzi alisoma kipimo, akatazama kadi yangu ya zamani, akasema kwa upole kwamba hajawahi kuona bibi wa miaka themanini na moja akirefuka. Alipofungua kilemba alicheka mpaka akakaa chini. Urefu wangu wa kweli ulikuwa umepungua sentimita sita. Akaniuliza kama nimewahi kuanguka. Nikasema katu. Picha ya hospitali ikasema vingine: pingili moja ya mgongo imebonyea, na si zamani.

Ikabidi nimwambie ukweli, na wewe nakuambia leo. Nilianguka kwako. Jumapili ile ya mwisho niliteleza bafuni, nikaketi sakafuni kwa kishindo. Nilijiinua kwa kushika sinki, nikatoka nikisema nimechoka tu. Ulinirudisha ukinitania njia nzima, nami nikacheka huku mgongo ukiwaka moto. Nilinyamaza ili wifi asijilaumu, na ili usiache kuja kunichukua. Nisamehe, nimekudanganya usoni.

Muuguzi hajanifungia geti. Nimeanzishiwa dawa ya mifupa, nimepewa fimbo, na anataka bafuni kwako pawekwe chuma cha kushika na mkeka usioteleza. Baada ya hapo, asema, uamuzi ni wa ndugu. Hilo ndilo linaloninyima raha, maana nakujua: utasema dada akae hukohuko salama, na utasema kwa mapenzi. Usinipende hivyo, mdogo wangu. Njoo unichukue.

Nibusie watoto. Wifi mwambie sina kinyongo na sakafu yake.

Ni mimi dada yako,
Fundi