Kipaza Sauti cha Kambini

Glenys, usinipigie, siwezi kuongea. Ndiyo kwanza natoka studio.

Kile kichekesho cha televisheni kuhusu wafanyakazi wa kambi ya likizo. Wametualika sisi tuliofanya kazi kambini zamani tukatazame wakirekodi. Nikavaa na lile koti langu la njano, sare ya kambi, mjinga mimi.

Sasa sikia. Anatokea msichana, mtangazaji wa kambi. Anawaamkia wageni, anasahau kuzima kipaza sauti, kisha anamlilia mwanamume: "Usiniache, nina mimba yako." Kambi nzima inamsikia, soseji mdomoni.

Ni mimi yule. Neno kwa neno, Glenys.

Watu wamecheka mpaka machozi. Mwongozaji akasema, "Tunarudia. Chekeni kama ndiyo mara ya kwanza." Wakacheka tena.

Nageuka, namwona Desmond. Desmond yule yule aliyeniacha. Eti ndiye mshauri wao. Ananiambia, "Usinune, kipenzi, jina lako tumelibadilisha."

Jina. Mtoto niliyempoteza hata hawakumtaja.

Wakarudia mara ya tatu. Safari hii nikacheka na mimi, kuliko wote, maana Desmond alikuwa ananitazama.

Mwongozaji akasema, "Safi. Tunachukua hiyo."