Mizinga ya Ouma

Jumanne, Kansanga

Ukaidi wa rafiki yangu Ouma haujaisha hata baada ya kumzika. Tulipoanza kuifunga rimoti ile manowari yetu ndogo ya mfano, ya mbao, nilimwambia rimoti moja inatosha. Akakataa kabisa. "Nahodha hapigi mizinga, bwana!" Basi tukafunga mbili: yangu ya injini na usukani, yake ya kuzungusha mizinga.

Leo mjane wake alinijia dukani na mfuko wa plastiki.

"Shemeji, hii kitu alikuwa analala nayo hospitali. Mimi sijui kazi yake."

Ilikuwa rimoti yake. Nilishukuru, nikairudisha mfukoni.

Niliporudi nyumbani nilikata shauri: mizinga yote niihamishie kwenye rimoti yangu. Ni kazi ya waya chache, na Jumapili ningeipeleka meli majini Port Bell peke yangu. Peke yangu. Hata kuliandika neno hilo...

Nikafungua sitaha, nikawasha. Usukani ukatii. Kisha mizinga ikaanza kugeuka yenyewe, kushoto, kulia, inasimama, inageuka tena, kama mtu aliyepotezana na mwenzake sokoni.

Sababu naijua, Ouma mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Vile vimota vya mizinga vikikosa mawimbi ya rimoti yake huhangaika hivyo. Ningewasha tu ile iliyokuwa mfukoni, ingetulia.

Sikuiwasha. Wala waya sikugusa. Niliiacha mizinga imtafute mpaka betri ikaisha.