Anga Yenye Rangi ya Chai

Shakujii, Nerima,
Tokyo.
11 Januari

Mpendwa Shangazi Sumie,

Shikamoo Shangazi. Baridi ya mwaka huu haina adabu hata kidogo. Nakuandikia nikiwa nimeingiza miguu chini ya meza ya joto, blanketi limenifika kiunoni, maganda ya chenza yamezagaa mbele yangu. Hujambo lakini? Goti linaendeleaje? Na Mjomba Anselmo, bado anabishana na redio? Sisi huku tumeuvuka mwaka salama. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na kukataa ushauri ndiyo kabisa, hana mpinzani.

Kadi yako ya mwaka mpya kutoka huko ng'ambo ilifika siku ya pili ya sikukuu. Baba aliiweka mbele ya picha ya marehemu Mama, eti naye aisome. Siku hiyo nilimkatia mochi, zile keki za mchele zinazonata, vipande vidogo vidogo, maana kila mwaka lazima usikie mzee fulani amekabwa nazo. Akaniuliza kama nafuga kuku.

Najua ungependa nipige simu badala ya kuandika. Lakini simu ya nyumba hii iko sebuleni, na masikio ya Baba hayana ugonjwa wowote. Nina ombi juu yake, Shangazi, na ombi lenyewe halina maana usipolijua lilikotoka. Nivumilie.

Uliuliza kwenye kadi kwa nini mjukuu wako Luciana analia mbele ya katuni zetu za Kijapani, anasema hadithi imemgeuka. Mwambie hajachanganyikiwa. Hiyo ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya. Mimi mwenyewe sichori wala siandiki, kama unavyojua. Naendesha kigari cha studio, nakusanya michoro kutoka kwa wachoraji, huyu nambembeleza, yule namtisha. Lakini ukikaa jikoni miaka mingi utajua kupika hata kama hujawahi kushika mwiko.

Mwandishi wetu ni Bi. Shinozuka, mwanamke mfupi ambaye peremende ya tangawizi haimtoki mdomoni. Migeuko hiyo ya hadithi yeye huiita kumbe. Kuna kumbe ya damu: shujaa anapigana na adui mwenye barakoa, barakoa inaanguka, kumbe ni kaka yake. Ni ya zamani hiyo, na bado watu wanainunua. Halafu kuna ya rafiki mpole, yule anayegawia wenzake chakula na kuchorwa macho yamefumba kwa tabasamu siku zote. Siku akiyafumbua, ujue mmekwisha. Kuna kumbe ya asubuhi ileile inayorudi na kurudi, na msichana mmoja tu ndiye anayekumbuka. Ya marehemu asiyejua kwamba amekufa siiwezi kabisa. Nimewahi kuegesha gari pembeni ya barabara nilie, na michoro yenyewe ilikuwa bado haijatiwa rangi.

Bi. Shinozuka anaheshimu moja kuliko zote. Ni ile ambamo hakibadiliki kitu. Mji ni uleule, watu ni walewale, ila mtazamaji ameambiwa neno moja tu, na akirudi kutazama tangu mwanzo, haoni tena alichokiona. Anasema aliitafuta ujana wake wote bila kuipata. Ilikuja kumpata yeye mwaka jana, nyumbani kwetu.

Tangu Oktoba tulikuwa na katuni ya msichana anayeitwa Suzuna, fundi wa miavuli katika mji wa mlimani ambako mvua hainyeshi. Kumbe yake ilikuwa imeshapangwa: mwalimu wake mpole ndiye aliyeifungia mvua. Baba alipewa kuchora anga. Wenzake wote wamehamia kwenye kompyuta, lakini yeye bado anachora kwa brashi na rangi ya chupa, kwenye karatasi, na mwongozaji wetu, Bwana Ebihara, anampenda kwa hilo.

Laiti ungeziona anga zile, Shangazi. Ya kwanza ilikuwa nyeupe yenye unyevunyevu. Ya pili ilikuwa kama imepitishwa juu ya moshi mwepesi. Wiki baada ya wiki zikaiva, mpaka zikawa na rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni. Nilikuwa nazibeba kiti cha nyuma huku moyo wangu umetulia, najiona kama nimebeba jioni ya utoto wa mtu fulani. Nilijua Baba ameamua hivyo. Mchoraji wa umri wake, nani atamuuliza rangi?

Sasa, watazamaji wetu hawana dogo. Ukimchora mtu ana kikombe mkono wa kushoto, wiki ijayo kikahamia wa kulia, hawasemi umekosea. Wanasema umeficha jambo. Kwao katuni haina makosa, ina dalili tu. Wakaziona anga za Baba zinavyoiva, wakaanza kuandikiana mtandaoni usiku na mchana. Wakakata shauri: mji wa Suzuna haupo. Kuna mzee mahali anaukumbuka, na tunautazama kupitia macho yake, na macho hayo yanafifia.

Bwana Ebihara aliposoma hayo alipiga kelele mpaka wahasibu wa ghorofa ya juu wakashuka kuuliza kama kuna moto. Mwalimu mpole na mvua yake wakatupwa kapuni. Kesho yake yeye na Bi. Shinozuka walikuja hapa nyumbani na boksi la vitamu vya maharage, wakapiga magoti.

"Mwalimu," Bwana Ebihara alimwambia Baba, kwa jina la heshima tunalomwita studio, paji la uso likikaribia mkeka, "umetuficha tangu mwanzo! Watoto wa watu wameona, sisi tumelala fofofo."

Baba alimtazama. Akanitazama mimi. "Karibuni chai," akasema.

"Mnamwona?" Bwana Ebihara akadakia. "Hata hasemi! Mzee huyu ni hatari."

Ndipo wakaomba. Katika sehemu ya mwisho yule mzee anafungua dirisha, na kwa mara ya kwanza tunaiona anga halisi. Buluu tupu, ya kumtoa mtu machozi. Kumbe yote imebebwa na anga hiyo moja, na wa kuichora ni Baba tu.

Walipoondoka, Baba alishika chupa mbili zilizotapakaa rangi hata lebo hazionekani. "Orie, kati ya hizi, buluu ni ipi?"

Nilidhani ananitania. "Baba, acha mzaha."

"Nakuuliza wewe mtoto."

Moja ilikuwa buluu, Shangazi. Nyingine ilikuwa kijivu.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu lini nini? Rangi za siku hizi mbovu. Nimemgombeza yule mwenye duka mara ngapi?"

Masikini mwenye duka. Nilimpeleka Baba hospitali, daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, tena amekomaa. Ndani ya gari Baba akaniambia, "Mama yako alinizalia mmoja, na huyo mmoja ananisumbua. Sasa macho nayo yameamua kunizalia mapacha." Nikacheka, naye akacheka.

Upasuaji alikataa. Aliogopa kisu, hilo linaeleweka, lakini aliogopa aibu zaidi. Alisema wakijua ule ulikuwa ugonjwa, hadithi yao imekwisha, na yeye pamoja nayo. Akajifungia chumbani kuichora buluu kwa kumbukumbu. Karatasi alizotoa zilikuwa za kijani kizito, na kila moja alinionesha huku akiniangalia usoni, si kwenye karatasi. Sikuweza kumdanganya. Ya mwisho aliikunja mwenyewe.

"Nipeleke," akasema. "Siwezi kuwafungulia watu dirisha halafu niwaoneshe dimbwi."

Wakamfanyia jicho la kulia kwanza. Siku alipotolewa bandeji alisimama dirishani pale hospitali, hakutaka kuondoka, akitazama maegesho ya magari kana kwamba ni bahari. Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja chumbani, kwenye anga zake zilizobandikwa ukutani.

"Hizi nimechora mimi?"

"Wewe, Baba."

"Na mkanyamaza wote?"

Alivaa koti. Sikumuuliza tunakwenda wapi. Studio alisimama katikati ya chumba, wapo watu wengi, akainama chini kabisa. "Sikuficha kitu," alisema. "Nilikuwa sioni."

Nilitamani sakafu inimeze. Bi. Shinozuka akaitoa peremende mdomoni, akaifunga kwenye karatasi polepole, machozi yanamtiririka. "Mwalimu," akasema, "sisi tumeandika mzee ambaye macho yake yanafifia. Tulidhani tunamtunga."

Bwana Ebihara alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Basi anga hiyo itakuwa ya nani kama si yako? Rudi ukachore, Mwalimu. Tumechelewa."

Akachora, Shangazi. Alifumba jicho la kushoto, akachora kwa lile jipya. Akimaliza sehemu anafumbua la zamani na kufumba jipya, anarudi tena, anakwenda na kurudi kama mtu anayepita kati ya vyumba viwili. Nami nilikaa mlangoni bila kufanya lolote. Nje majani ya manjano ya mti wa mginko yalikuwa yanaanguka, na chumba kizima kilinukia rangi mbichi. Sijapata kuwa na furaha ya namna ile tangu nizaliwe, na nilijua ninayo wakati ninayo, jambo ambalo ni nadra.

Katuni iliisha wiki ya mwisho ya mwaka. Dirisha likafunguliwa. Nchi nzima ililia, au angalau mtaa wetu. Nilimsikia jirani kupitia ukutani. Mimi nililia kuliko jirani. Baba alikuwa anamenya chenza, anasema wingu lile la kushoto angeliacha.

Sasa nafika kwenye ombi. Jicho la kushoto amekataa lisiguswe. Daktari anasema mtoto wa jicho yule anazidi kuwa mgumu, na akiachwa zaidi upasuaji utakuwa wa hatari, huenda jicho likapotea kabisa. Juzi Baba alikosea kipimo cha ngazi, akaanguka magoti. Alisema ngazi ndiyo imesogea.

Nilimkalia kooni anieleze sababu. Mwishowe akasema. "Kwa hili jipya ukuta una nyufa, mikeka imechakaa, na wewe una mvi. Tangu lini una mvi?"

"Miaka mingi, Baba."

"Hukuniambia."

"Mvi nazo huwa zinatangazwa?"

Hakucheka. "Kwa hili la zamani jioni haijaisha," akasema. "Mama yako ametoka kidogo tu, amekwenda kununua tofu. Mnataka niwafukuze wote?"

Ndipo nilipochukua kalamu nikuandikie, Shangazi.

Wewe ni dada yake mkubwa, ulimbeba mgongoni, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumwambia "Yasuharu, acha upuuzi" akanyamaza. Mpigie Jumapili asubuhi. Mimi nitatoka niende sokoni ili msemezane kwa nafasi. Mwambie Mama hakai ndani ya jicho bovu. Mwambie chochote, ila akubali.

Salamu nyingi kwa Mjomba Anselmo, kwa mwanao Teruo na mkewe, na kwa Luciana, mwambie alie tu bila aibu. Mwaka huu ukupe afya, usingizi mtamu, na hodi za heri mlangoni kwako.

Na kama utajiuliza kwa nini mimi niliye naye nyumba moja nimeshindwa kumwambia haya, nitakuambia wewe peke yako. Kila asubuhi hufumba jicho jipya, akanitazama kwa lile la zamani, akaniita Orichan, jina langu la utotoni ambalo hakuna aliyeniita tangu Mama afariki. Na mimi, na mvi zangu zote, huitika.

Wako akupendaye daima,

Orie