Wali wa Dalali

Tabora, Jumanne usiku

Hatimaye nyumba ni yetu tena.

Mama alitaka dalali amtafutie mnunuzi tu. Kumbe karatasi aliyotia dole gumba ilimfunga: asiiuze kupitia mtu mwingine, asighairi, na akifa itufunge sisi wanawe. Nilikosa usingizi, nikawaza kwenda kwa Liwali.

Leo mchana Mama alimkuta dalali anakula, akamnyang'anya sufuria ya wali. "Mtani, wali huu nautafutia mlaji mimi. Usiuonje, usimgawie mtu, na ukifa wanao wasiuguse!"

Majirani walicheka mpaka basi. Dalali ni Mzaramo; atamkasirikiaje Mama, Mnyamwezi, mtani wake? Naye alicheka, kisha akaichana karatasi mbele yetu.

Mama anakoroma. Sufuria ya watu bado iko jikoni kwetu.