Sare Yako na Baba

S.L.P. 418
9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unakuachia kidogo? Na mkazamjomba hajambo? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo bado unanienda mbio, na nitakwambia kwa nini.

Kadi yako ilifika Jumanne, siku ya pili ya likizo yangu hapa nyumbani. Niliisoma mlangoni nikapiga kelele. Sare! Wewe mwenye alama elfu mbili na mia tatu za uchezaji, Baba hata elfu moja na mia nne hajafikisha, miaka thelathini unampiga sataranji kwa posta kama ngoma, leo unaandika, "Shemeji, umenifunga mikono. Nakubali sare."

Nikakimbia sebuleni. "Baba, umetoka sare na Mjomba!" Akanyanyua farasi wa mti ubaoni, akamgeuzageuza, akaniuliza hicho ni kidude gani. Nilidhani ananitania, unamjua. Akauliza tena, kwa adabu, kama anavyomuuliza mgeni.

Mama alikuwa kwenye cherehani, anapinda suruali ya mteja. Hakuinua hata uso. "Lete kadi nione kaka amejibu nini."

Tangu hatua ya kumi na tisa, mwaka na nusu sasa, anayecheza nawe ni Mama. Mwandiko wa Baba ameuiga mpaka mkia wa ile saba yake. Nami nikipiga simu naambiwa Baba amelala!

"Sataranji umejifunza lini?" nilimuuliza.

"Nimekaa mkabala na huo ubao miaka thelathini. Ulidhani naangalia sindano tu?"

Alikuficha kwa sababu anaogopa ukijua Baba amepoteza kumbukumbu, utaacha kuandika. Sasa namwelewa. Jana nilimpa Baba kadi yako, akapitisha kidole kwenye mwandiko wako, akacheka: "Shemeji huyu." Mimi ananiita nesi. Nimelia sana, Mjomba.

Mama hajui nakuandikia, akijua nimekwisha. Nakuomba anzisha mchezo mwingine, na kadi uiandike kwa jina la Baba kama kawaida. Usimlegezee dada yako, atakushtukia.

Nisalimie mkazamjomba na binamu zangu wote. Mungu akupe uzima na macho ya kuona mbali.

Ila usije ukachapa kwa mashine, Mjomba. Andika kwa mkono.

Mpwa wako akupendaye,
Kitindamimba