Kanzu Iliyoyeyuka kwa Pasi

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje na baridi hii, na kile kiteremko cha Gatwekera kimekauka au bado ni matope tu? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umeinama. Umenipigia simu wiki nzima na sikushika, wala si kazi iliyonizuia. Ni aibu.

Dada yangu Nafula amenieleza yote. Kwamba shangazi alikushonea kanzu ya kanisa kwa kile kitambaa cheupe nilichokutumia. Kwamba Jumapili asubuhi ulipoipiga pasi ya makaa, kina mama wenzako wakikungoja mlangoni, ilijikunja, ikayeyuka, ikanata kwenye pasi. Wakauliza, "Si ulisema kijana yako ndio anatengeneza hii kitu?" Nawe ukajibu, "Ni mimi nimeichoma. Pasi ilikuwa moto sana."

Mama, pasi haikuwa na kosa. Kile si kitambaa. Huku kiwandani wanayeyusha plastiki, wanaisukuma kwenye vitundu vidogo sana, na upepo wa moto unaivuta iwe nyuzi nyembamba kuliko nywele. Nyuzi hizo zinaangukiana na kushikana zenyewe, hakuna anayefuma. Zinakuwa utando mweupe unaowekwa ndani ya betri, ili pande zake mbili zisigusane zikawaka moto.

Nilijua ni plastiki. Lakini ulipowatangazia watu kwamba mwanao anafuma vitambaa ng'ambo, nilinyamaza, maana sifa ni tamu. Hata mashine yenyewe siigusi. Mimi naokota vipande vilivyokataliwa, navipeleka kutupwa, na hicho chako kilitoka humo humo. Nilikutumia takataka, Mama, nawe ukataka kuivaa mbele ya Mungu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikudhani yangu ingeishia mlangoni kwako. Wewe uliyenichapa siku ile nilipokula nyama nikamsingizia paka wa jirani, leo umesimama mbele ya watu ukabeba uongo wangu. Sina uso.

Nisalimie Nafula. Shangazi huko Kawangware mwambie naomba msamaha kwa kazi yake niliyoiharibu. Mchungaji naye umsalimie, kisha umpe barua hii aisome mbele ya kina mama wote. Ndiyo maana sikukuandikia Kibukusu chetu. Nimeandika Kiswahili, asikose kuelewa hata mmoja wao.

Ni mimi mwanao,
Wafula